Akira Yoshizawa: Mtoto wa mfugaji aliyeipa karatasi uhai

Karibu kila mmoja wetu amewahi kukunja karatasi utotoni. Tulichana kurasa za daftari tukatengeneza ndege, mashua na kofia, na mara nyingine tukakaripiwa na mwalimu. Wajapani huiita kazi hiyo origami. Leo tunamkumbuka mtu aliyefanya mchezo huo wa watoto uheshimiwe duniani kama sanaa: Akira Yoshizawa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1911 katika mkoa wa Tochigi, Japani, kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Akiwa na umri wa miaka 13 alihamia Tokyo kufanya kazi kiwandani. Baadaye alipandishwa cheo, akawa mchoraji wa michoro ya kiufundi na mwalimu wa jiometri kwa wafanyakazi wapya. Ili waelewe, aliwakunjia karatasi, na pembe zilizowasumbua ubaoni wakaziona mikononi mwao.

Aliacha mshahara

Mwaka 1937 Yoshizawa aliacha kazi ya kiwandani ili akunje karatasi tu. Uamuzi huo ulimgharimu. Kwa miaka mingi aliishi katika umaskini, akipita nyumba hadi nyumba kuuza tsukudani, yaani kitoweo cha samaki wadogo au mwani kilichopikwa kwa sosi ya soya.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alihudumu katika kikosi cha tiba cha jeshi huko Hong Kong. Huko aliwakunjia wagonjwa vinyago vya karatasi ili kuwachangamsha, hadi yeye mwenyewe alipougua na kurudishwa Japani.

Mambo yalibadilika mwaka 1951, miaka 14 baada ya kuacha kiwanda. Jarida la Asahi Graph lilimwomba awatengeneze kwa karatasi wanyama 12 ambao Wajapani huita miaka kwa majina yao. Jina lake likaanza kujulikana. Mwaka 1954 alitoa kitabu na kuanzisha kituo cha origami mjini Tokyo. Mwaka 1955 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam, Uholanzi.

Alituachia nini?

Kwanza, alituachia alama. Maelezo ya maneno peke yake huwa magumu kufuata, na wengi walijifunza kukunja kwa kumtazama anayejua. Yoshizawa alichora mistari ya vipande kuonyesha mahali pa kukunja, na mishale kuonyesha karatasi inaelekea wapi. Mmarekani Samuel Randlett alisaidia kuzieneza alama hizo, na kwa sababu hiyo asiyejua Kijapani anaweza kufuata kitabu cha Kijapani.

Pili, alituachia ufundi wa kulowesha. Alichukua karatasi nene kidogo, akailowesha kiasi, kisha akaikunja na kuifinyanga. Ikikauka, hubaki na umbo lake. Wanyama wake wakapata mgongo wa mviringo na shingo iliyopinda, mfano wa walio hai. Wabunifu wengi wa origami wa leo wanamhesabu kuwa mwalimu wao, hata wasiowahi kumwona.

Pamoja na dhiki aliyoipitia, kazi zake hakuziuza. Alizitoa zawadi au kuziazimisha kwa maonyesho. Mwaka 1983 serikali ya Japani ilimtunuku Nishani ya Jua Linalochomoza. Alifariki tarehe 14 Machi 2005, siku aliyotimiza miaka 94.

Inakadiriwa kuwa alibuni maumbo zaidi ya 50,000, lakini ni mia chache tu yaliyochorwa hatua zake.  Kwa hiyo, ukitafuta kwenye simu yako namna ya kukunja ndege wa karatasi, itazame vizuri ile mistari ya vipande na mishale. Ni mtoto wa mfugaji wa Tochigi anayekuonyesha njia.