Alexander Merensky

Alexander Merensky (8 Juni 1837 – 22 Mei 1918) alikuwa mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani, mwandishi na mchoraji wa ramani. Kwa zaidi ya miaka 20 alifanya kazi kati ya Wapedi katika Transvaal, nchini Afrika Kusini, ambako pamoja na mkewe Marie alianzisha kituo cha Botshabelo. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 54, aliongoza msafara wa kwanza wa Misioni ya Berlin kwenda kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Kutokana na msafara huo Ulutheri ulienea katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania, kuanzia Unyakyusa hadi Ukinga, Ubena na Uhehe.

Maisha ya awali

Merensky alizaliwa Panten karibu na mji wa Liegnitz, katika jimbo la Silesia lililokuwa sehemu ya ufalme wa Prussia. Leo eneo hilo liko Poland na mji unaitwa Legnica.

Akiwa kijana alijiunga na shirika la Misioni ya Berlin lililoanzishwa mwaka 1824. Shirika hilo liliandaa vijana, wengi wao wakitoka katika familia za mafundi na wakulima, kwa kuwafundisha Biblia, lugha na kazi za mikono. Merensky alijifunza pia uganguzi wa magonjwa na majeraha, ujuzi uliomsaidia baadaye mahali ambapo hapakuwa na daktari.

Kuanza kazi Afrika Kusini

Merensky alifika Afrika Kusini mwaka 1859 pamoja na mwenzake Heinrich Grützner. Walijaribu kwanza kuingia kwa Waswazi, lakini hawakuruhusiwa kukaa. Agosti 1860 wakaanzisha kituo cha Gerlachshoop kati ya Wakopa waliokuwa chini ya chifu Maleo. Hicho kilikuwa kituo cha kwanza cha Misioni ya Berlin katika Transvaal.

Mwaka uliofuata Merensky alikwenda kwa Sekwati, mfalme wa Wapedi, akapewa ruhusa ya kujenga. Sekwati alifariki mwaka huohuo na mwanawe Sekhukhune akashika utawala. Baadhi ya vijana wa Kipedi walikuwa wamekwisha kusikia habari za Ukristo kabla ya Wajerumani kufika, kwa sababu walikuwa wakisafiri mbali kwenda kufanya kazi katika Koloni ya Rasi ili wapate fedha za kununua bunduki. Vijana hao walikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza na pia waalimu wa wengine.

Mwaka 1863 Merensky alimwoa Marie Liers. Kwa utaratibu wa wakati ule mke wa mmisionari hakuhesabiwa kuwa mtumishi wa shirika wala hakuwa na mshahara wake. Hata hivyo ndiye aliyeendesha nyumba, kuwapokea wageni na wagonjwa, na kuwafundisha wanawake na wasichana.

Mwanzoni Sekhukhune aliwavumilia Wakristo, lakini idadi yao ilipoongezeka, hata ndani ya nyumba yake mwenyewe, aliona kwamba watu hao wanaanza kumtii bwana mwingine. Mwaka 1864 aliwatesa na kuwafukuza. Mwaka huohuo Waswazi waliwashambulia Wakopa na kumwua Maleo. Merensky na mkewe walilazimika kukimbia pamoja na waumini wao.

Botshabelo

Februari 1865 Merensky alianzisha kituo kipya kwenye shamba alilolinunua kaskazini mwa mji wa Middelburg, katika jimbo la Mpumalanga la leo. Akakiita Botshabelo, maana yake kwa Kipedi ni mahali pa kukimbilia. Wapedi waliofukuzwa na Sekhukhune walikusanyika huko, wakafuatwa na mabaki ya Wakopa. Juu ya kilima wakazi walijenga boma la mawe ili kujikinga, wakichanganya ujenzi wa mawe wa Kisotho na umbo la ngome za Ulaya. Boma hilo liliitwa Fort Wilhelm kwa heshima ya mfalme wa Prussia. Siku hizi linajulikana kama Fort Merensky.

Katika muda wa miaka michache Botshabelo ikawa mji mdogo wenye wakazi zaidi ya 1,000. Palikuwa na kanisa, shule, kinu cha kusaga nafaka, karakana za kutengeneza magari ya kukokotwa na ng'ombe, na duka. Baadaye pakawa na chuo cha kuandaa waalimu. Siku ilianza na kumalizika kwa kusoma Maandiko Matakatifu na kusali pamoja. Waliotaka kubatizwa walijifunza kusoma kwa lugha yao na kukariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther.

Kusoma kila siku kulihitaji kitabu, na kitabu hakikuwepo. Kwa hiyo Merensky na wenzake walianza kutafsiri sehemu za Biblia kwa Kipedi wakisaidiwa na waalimu Waafrika. Kazi hiyo ilikamilishwa na wengine: Biblia nzima kwa Kipedi ilitolewa mwaka 1904, ikiwa ni tafsiri ya mmisionari Trümpelmann akisaidiana na Abraham Serote, mmoja wa Wapedi Wakristo wa mwanzo.

Mgogoro na Johannes Dinkwanyane

Botshabelo ilikuwa kimbilio, lakini ardhi ilikuwa mali ya misioni. Wakazi walipaswa kufuata kanuni za kituo, kutoa kazi na kulipa kodi, na kumtii Merensky ambaye alikuwa mchungaji, mwenye shamba na hakimu kwa wakati mmoja. Aidha, sheria za jamhuri ya Makaburu hazikuwaruhusu Waafrika kumiliki ardhi kwa majina yao.

Mtu aliyepinga hali hiyo waziwazi alikuwa Johannes Dinkwanyane, ndugu wa Sekhukhune kwa baba. Alikuwa amebatizwa na kumfuata Merensky uhamishoni. Mwaka 1873 aliondoka Botshabelo pamoja na kundi kubwa la waumini, wakaenda kujenga kijiji chao mahali paitwapo Mafolofolo, katika wilaya ya Lydenburg. Hawakuacha Ukristo. Waliendelea kusali na kusoma Biblia, ila walitaka kufanya hivyo juu ya ardhi yao wenyewe, chini ya kiongozi wao wenyewe, bila kulipa kodi kwa Makaburu wala kuwafanyia kazi.

Serikali ya Transvaal iliona jambo hilo kuwa uasi. Vita kati ya jamhuri na Wapedi ilipoanza mwaka 1876, kijiji cha Mafolofolo kilishambuliwa na jeshi la Makaburu pamoja na wasaidizi wao Waswazi. Dinkwanyane alijeruhiwa akafa.

Februari 1877 mazungumzo ya amani yalifanyika Botshabelo, na Merensky alikuwa mpatanishi. Wajumbe wa Wapedi walitia alama kwenye mkataba uliosema kwamba Sekhukhune atakuwa chini ya jamhuri. Sekhukhune mwenyewe alikana baadaye kwamba aliwahi kukubali sharti hilo. Miezi miwili baadaye Waingereza waliitwaa Transvaal, na mwaka 1879 jeshi lao lilimshinda Sekhukhune. Kwa Wapedi wengi jina la Merensky lilibaki limefungamana na kupotea kwa uhuru wao, ingawa kwa wengine alikuwa mtu aliyewapa hifadhi walipofukuzwa.

Kurudi Ujerumani

Mwaka 1882 familia ya Merensky ilirudi Ujerumani. Merensky akawa mmoja wa wakaguzi wa Misioni ya Berlin na mwandishi aliyesomwa sana.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa imeanza kujipatia makoloni Afrika. Mwaka 1886 Merensky alitoa insha juu ya namna ya kumlea Mwafrika ili afanye kazi katika mashamba makubwa ya Wazungu, akapata tuzo ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Katika maandishi yake alipinga utumwa, lakini alikubali kwamba Waafrika wangefanya kazi chini ya Wazungu na kwamba misioni ingesaidia kuwaandaa. Wanahistoria wa leo hutaja insha hiyo kama mfano wa ukaribu kati ya baadhi ya wamisionari na ukoloni.

Msafara wa Ziwa Nyasa

Mwaka 1891 Misioni ya Berlin iliamua kuanza kazi katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ikamteua Merensky kuongoza msafara. Uzoefu wake wa Transvaal ulimfanya awe mtu wa kutegemewa na vijana aliofuatana nao.

Msafara haukupita Dar es Salaam. Ulifuata njia ya maji: kutoka mdomo wa mto Zambezi, kupanda mto Shire, kuyapita maporomoko kwa miguu, kisha kwa meli hadi mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Njia hiyo ilikuwa imezoeleka na Waskoti wa misioni ya Livingstonia pamoja na kampuni ya African Lakes. Njia ya nchi kavu kutoka pwani ilipita karibu na Uhehe, ambako tarehe 17 Agosti mwaka huohuo wapiganaji wa Mtwa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski huko Lugalo, karibu na Iringa.

Wamoravian wa Ujerumani walikuwa wametangulia kwa muda mfupi wakiongozwa na Theodor Meyer, wakaanzisha kituo cha Rungwe mwezi Agosti. Mmoja wao alifariki kwa homa mwaka huohuo. Mashirika hayo mawili yaligawana eneo: Wamoravian walichukua upande wa magharibi na Waberlin upande wa mashariki. Mpaka huo bado unaonekana katika ramani ya makanisa ya mkoa wa Mbeya.

Oktoba 1891 Merensky alianzisha kituo cha kwanza, akakiita Wangemannshöhe kwa heshima ya Theodor Wangemann, mkurugenzi wa Misioni ya Berlin. Kituo cha Manow kilifuata. Merensky alieleza kwa sifa migomba ya Wanyakyusa, nyumba zao zilizojengwa kwa ustadi na usafi wa vijiji vyao.

Mwaka 1892 alirudi Ujerumani na kuwaachia kazi wamisionari vijana, akiwemo Carl Nauhaus aliyekuwa msimamizi wa eneo hilo. Mmisionari Schumann aliandika sarufi ya Kinyakyusa iliyochapishwa mwaka 1899. Kutoka Unyakyusa vituo vilienea hadi Bulongwa na Tandala katika Ukinga, kisha Kidugala na Lupembe katika Ubena. Baada ya Mkwawa kujiua mwaka 1898, wamisionari wa Berlin waliingia Uhehe pia. Kijiji cha Pommern katika wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, bado kina jina la jimbo la Ujerumani walilolikumbuka.

Maandishi na utafiti

Merensky alishirikiana na Friedrich Jeppe kutengeneza ramani ya Transvaal iliyotolewa mwaka 1868. Habari alizokusanya juu ya magofu ya Zimbabwe Kuu zilimsaidia mpelelezi Karl Mauch, aliyeyafikia mwaka 1871. Mwaka 1875 alitoa kitabu juu ya jiografia na watu wa Afrika Kusini, mwaka 1888 kumbukumbu zake za Transvaal, na mwaka 1894 kitabu kuhusu kazi ya Wajerumani kwenye Ziwa Nyasa. Vitabu hivyo bado vinatumiwa na watafiti, kwa kuwa vina habari nyingi za watu na mahali, ingawa vinatazama mambo kwa jicho la Mzungu wa karne ya 19.

Familia

Kati ya watoto wa Alexander na Marie anayejulikana zaidi ni Hans Merensky, aliyezaliwa Botshabelo mwaka 1871 na kufariki mwaka 1952. Hans alikuwa mwanajiolojia. Mwaka 1924 alitambua tabaka la mwamba lenye platini ambalo leo linaitwa Merensky Reef. Sehemu ya tabaka hilo iko katika nchi ya Wapedi ambao baba yake aliwahubiria.

Kifo na urithi

Alexander Merensky alifariki Berlin tarehe 22 Mei 1918, katika mwaka wa mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wakati huo wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa na Waingereza kutoka vituo vya Nyanda za Juu za Kusini. Waalimu na wazee wa kanisa Waafrika ndio walioendeleza ibada na shule, wakiwa na vitabu vya lugha zao mikononi.

Afrika Kusini jambo kama hilo lilikwisha kutokea mapema zaidi. Mwaka 1890 sehemu ya Wapedi Wakristo wakiongozwa na Martinus Sewushane, pamoja na mmisionari Johannes Winter, walijitenga na Misioni ya Berlin na kuunda Kanisa la Kilutheri la Bapedi, wakidai usawa katika uongozi. Hoja yao ilikuwa karibu na ile ya Dinkwanyane. Wakazi wa Botshabelo wenyewe walihamishwa na serikali ya ubaguzi wa rangi katika miaka ya 1970. Ardhi yao ilirudishwa kwa jamii yao baada ya ubaguzi huo kukoma.

Nchini Tanzania makanisa yaliyotokana na Misioni ya Berlin yaliungana na mengine mwaka 1963 na kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Dayosisi za Konde, Kusini, Kusini Kati na Iringa zina mizizi katika kazi iliyoanza Wangemannshöhe. Huko Manow ipo hadi leo seminari ndogo ya Kilutheri, ambayo ni shule ya sekondari.