Edmond Albius na Ua la Vanila

Mvua zinaponyesha vizuri mkoani Dodoma, mimea ya maboga hutoa maua makubwa ya manjano. Mmea mmoja huwa na maua ya kiume na ya kike. Nyuki huchukua chavua katika ua la kiume na kuiacha katika ua la kike, juu ya sehemu iitwayo stigma. Tendo hili huitwa uchavushaji. Ua la kike lisipochavushwa hunyauka, wala halitoi boga. Zamani alikuwapo mtoto mmoja aliyelielewa jambo hili vizuri, na ujuzi wake uliwafaa wakulima wengi.

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Réunion kilicho mashariki ya Madagaska. Mama yake alikuwa mtumwa, kwa hiyo naye alihesabiwa mtumwa. Mama huyo alifariki alipokuwa akimzaa. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda sana kutunza mimea. Edmond hakusoma shule, lakini alifuatana na bwana huyo bustanini. Humo alifundishwa kuchavusha kwa mkono maua ya mmea wa jamii ya maboga.

Katika bustani hiyo ulikuwamo mvanila. Asili ya mmea huu ni Meksiko, ambako huchavushwa na wadudu wa huko. Wafaransa waliuleta Réunion, lakini wadudu wale hawakuwapo. Kwa miaka mingi mivanila ilichanua bila kuzaa. Huko Ubelgiji, mtaalamu Charles Morren alifaulu kuuchavusha kwa mkono mwaka 1836, lakini njia yake haikuwafikia wakulima.

Katika ua la vanila, chavua na stigma hukaa karibu sana, ila hutenganishwa na utando mdogo. Mwaka 1841, Edmond akiwa na umri wa miaka 12, alilichunguza ua hilo akauona utando. Alitwaa kijiti chembamba, akauinua, kisha akaibana chavua juu ya stigma kwa kidole gumba. Mvanila ukazaa.

Edmond alipelekwa katika mashamba mengine kuwafundisha watumwa wenzake. Wenye mashamba walitajirika, lakini yeye hakupata malipo. Mtaalamu mmoja wa mimea alidai kwamba njia hiyo ilikuwa yake. Bellier-Beaumont akaandika kumtetea Edmond. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848, Edmond alipata uhuru na jina la ukoo, Albius. Alifariki mwaka 1880, akiwa maskini.

Hata leo wakulima wa vanila wa Madagaska, Uganda na mkoa wa Kagera huchavusha maua kwa mkono, moja baada ya jingine.

Zoezi

1. Kwa nini mivanila ya Réunion haikuzaa hapo kwanza?

2. Je, Edmond alitendewa haki? Toa sababu.

3. Jioni, yafunike kwa kitambaa chepesi maua mawili ya kike ya boga yanayokaribia kufunguka. Asubuhi, lifunue moja, lipake chavua ya ua la kiume, kisha lifunike tena. Yaangalie baada ya wiki moja. Umeona tofauti gani?