Nyaatha wa Gikondi: Maisha ya Sista Irene Stefani

Aurelia Mercede Stefani alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 kijijini Anfo, Italia. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, akaitwa Irene. Mwaka 1915 akawasili Kenya. Injili aliyoisoma utawani ilimfafanukia vitani. Kuanzia 1916 aliwauguza, huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam, wapagazi wa jeshi la Waingereza walioiachia Kariakoo jina lake, nao walikufa kwa maelfu. Agizo la kumhudumia Kristo katika mgonjwa likapata sura za watu.

Mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, Nyeri. Alifundisha shuleni, akapanda na kushuka vilima kuwajulia hali wagonjwa, hata wenyeji wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Mnamo Septemba 1930, katika mafungo ya kiroho, aliomba ruhusa ya kuyatoa maisha yake sadaka kwa ajili ya umisheni. Mwezi uliofuata akaitwa kwa mgonjwa wa tauni. Alimwuguza, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 39. Alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Mapenzi ya Mungu aliyasoma Kitabuni, akayathibitisha kitandani pa mgonjwa.