Mkwawa tunavyomjua bondeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze machache juu ya Mtwa Mkwawa na jamaa yake, kama tunavyowajua sisi wa bonde la Kilombero.

Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyempiga Mtengera wa Wabena, Mtengera akashuka na watu wake huku bondeni. Munyigumba alifariki mwaka 1879. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti, 1891, lakini Kalenga ikaanguka 1894. Ndugu yake, Mpangile, alitawazwa na Wajerumani, kisha wao wenyewe wakamnyonga 1897. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai, 1898. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, alikuwa Spika wa Bunge letu.

Wapo wanaomwita Kiwanga wa Wabena msaliti kwa kuwasaidia Wajerumani. Wanasahau kuwa watu wake walikuwa wamekwisha fukuzwa kwao na Wahehe. Simtetei Kiwanga, wala simpunguzii Mkwawa ushujaa. Nasema tu kuwa ugomvi wetu wenyewe ndio uliomfungulia mgeni mlango. Walimu wawaeleze watoto yote mawili.

Msomaji wako,
Ifakara.