Theodor Bilharz, mtu ambaye jina lake lilipewa kichocho

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kichocho tunakijua sote, sisi wa Unguja na Pemba na ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Huitwa pia bilharzia, na hilo ni jina la mtu.

Theodor Bilharz alizaliwa mwaka 1825 Sigmaringen, Ujerumani. Alisomea udaktari, na mwaka 1850 akaenda Misri na mwalimu wake, Wilhelm Griesinger. Wagonjwa wengi huko walikuwa wakikojoa damu na sababu haikujulikana. Mwaka 1851, katika hospitali ya Qasr al-Ayni mjini Cairo, alipasua maiti akakuta minyoo midogo ndani ya mishipa ya damu. Baadaye aliiona pamoja na mayai yake kwenye kibofu, na chanzo cha ile damu kikafahamika. Alifariki Cairo mwaka 1862, akiwa na miaka 37, kwa homa aliyoipata katika safari ya Massawa.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Mayai ya kichocho huingia majini kwa njia hiyo hiyo, kisha konokono huwalea wadudu wake.

Wazazi, mtoto akitoa damu katika haja ndogo msimfiche kwa aibu. Si alama ya kukua. Ni maradhi yanayoharibu kibofu na figo, na dawa yake ipo. Mpelekeni apimwe. Mayai hutoka kwa wingi baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Atembee kidogo kwanza, kisha akojoe katika kikopo kisafi, na yale matone ya mwisho yasimwagwe, kwani ndiyo yenye mayai zaidi. Kikopo kifunikwe, kisikae juani, kifikishwe maabara mapema.

Huko ziwani Kigoma kinachojulikana zaidi ni kichocho cha matumbo, ambacho mayai yake hutoka kwa haja kubwa. Basi aliyeoga ziwani amwambie daktari, ili atakiwe kipimo kinachofaa.

Na kwa kuwa wakati huo hukutana na adhuhuri, mgonjwa astanji, atawadhe na aswali. Kikopo akiweke kando, kwani haswali mtu hali amebeba najisi.

Allah awape shifa wagonjwa wetu. Amin.