Mwenda wa Bayeke na kalamu yangu nyekundu

Nilianza kumwandika Mwenda Jean Bosco kwa sababu nilihitaji kichwa cha kazi ya mwisho wa mwaka, si kwa sababu ya mapenzi. Nyumbani jina lake lilikuwa la wazee. Baba mkubwa ana gita la nyuzi sita, moja kati yake ya waya wa baiskeli, na kila jumapili jioni anajaribu Masanga hadi vidole vinagoma. Nilimwomba aniimbie polepole nyimbo zote anazokumbuka, nami niandike. Nilifikiri nitamaliza kwa juma mbili.

Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 Bunkeya, mji wa wafalme wa Bayeke. Jina la Mwenda peke yake lina historia: ni jina la Msiri, aliyetoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaja kwa biashara na mwishowe akatawala Garenganze. Kwa hiyo mtu huyu tunayemwita mwimbaji wa Lubumbashi alizaliwa ndani ya watu ambao njia yao yenyewe ilikuwa njia ya misafara na ya Kiswahili. Wenzangu wengi hapa fakulte bado wanasema kwamba Kiswahili kililetwa Katanga na kampuni ya madini. Kampuni ilifanya mengi, hilo sikatai, lakini wasomaji waanzie Bunkeya kwanza.

Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, alimkuta kijana huyo Jadotville, yaani Likasi yetu. Masanga ikatoka hapo. Chama cha Muziki wa Kiafrika kikaupa wimbo huo tuzo yake, ile iliyoitwa Osborn, na sahani za Gallotone zikauzwa kusini na mashariki. Bosco alikuwa na miaka 22. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada: gumba linashika besi, shahada inazunguka juu, na sikio linadanganyika kuhesabu wapigaji wawili. Baba mkubwa anasema kwamba yeye mwenyewe aliamini hivyo hadi alipokuwa mtu mzima.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, ambako aliimba redioni kutangaza dawa ya Aspro. Jamaa yake Edouard Masengo alipita njia hiyo pia. Vijana wa Kenya wakasikiliza mkono wake wakauiga, na anayesikiliza magita ya Kenya ya miaka ile atausikia. Hapo nilisimama kidogo. Kiswahili cha kwetu, ambacho walimu wetu wa sekondari walituambia tukiache mlangoni, kilikuwa kinaingia katika nyumba za watu wa Nairobi kwa wimbo, na watu walinunua.

Wataalamu walimfuata, lakini walifuata vidole. David Rycroft aliandika kurasa nyingi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuhusu jinsi Bosco alivyobadilisha Masanga kila alipoipiga, na kazi hiyo ni nzuri sana. Mwaka wa 1969 aliitwa Newport, Marekani, kwenye tamasha la muziki wa kienyeji. John Low, mpiga gita mwingereza, alikuja Shaba mwaka wa 1979 kumtafuta yeye, Masengo na Losta Abelo ili ajifunze, kisha akaandika kitabu cha safari hiyo. Maneno ya nyimbo yalibaki nyuma, kama mke anayetembea hatua tatu nyuma ya bwana.

Basi nikajiambia: maneno ni yangu. Na hapo ndipo nilipokosea. Baba mkubwa aliimba batu, nikaandika watu. Aliimba katoto, nikaandika mtoto mdogo. Aliimba mu na ku peke yake mbele ya jina, nikaweka -ni mwishoni. Nilifanya hivyo bila kuulizwa, kwa kalamu nyekundu ya kichwani mwangu. Mwalimu mmoja aliyesoma rasimu alinisifu kwa usafi wa lugha. Nilikwenda nyumbani na furaha, nikamsomea baba mkubwa ukurasa wa kwanza, naye akajaribu kuuimba. Haukuimbika. Silabi zilizidi, gumba likafika kabla ya neno, akaacha katikati na kuanza kufunga nyuzi.

Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, alikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili cha mji huu kina kanuni zake na historia yake. Nilikuwa nimekisoma kitabu chake, nimepata hata pointi kwa ajili yake, na bado nilisahihisha.

Wakati wa siasa ya uhalisi wa Mobutu majina ya kikristo yaliwekwa kando, na Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Hakuishi kwa gita tu: alifanya kazi za mshahara, akawa na hoteli yake Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka wa 1982 alipiga Ujerumani. Mwaka wa 1988, akiwa Cape Town, aliingia studio akapiga upya nyimbo za ujana wake, na kampuni ya Rounder ya Marekani ikaitoa kazi hiyo yeye akiwa ameshakufa. Ni albamu ya mtu wa miaka 58 anayetembelea nyumba aliyoijenga akiwa kijana. Mwendo ni wa utulivu zaidi. Mimi naipenda kuliko zile sahani za kwanza, ingawa baba mkubwa anasema sina masikio.

Alikufa Septemba 1990 katika ajali ya gari, huko Zambia.

Nimeandika kazi yangu upya. Kila ukurasa una safu mbili: kushoto yale yaliyoimbwa, na batu na katoto vyao, kulia Kiswahili cha vitabu kwa msomaji wa mbali. Sijui jopo litasema nini mwezi ujao. Baba mkubwa aliziangalia zile safu mbili kwa muda mrefu, kisha akauliza gita nimeliweka wapi.