Semboja

Semboja (alifariki 1895) alikuwa mtawala wa Wasambaa kutoka ukoo wa Wakilindi, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Makao yake yalikuwa Mazinde, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga.

Mazinde iko tambarare, chini ya milima ya Usambara, kwenye njia ya misafara ya kwenda Pangani. Nguvu zake zilitoka hapo: aliuza pembe za ndovu na watumwa, akapata bunduki na baruti. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Semboja alimfukuza mwana huyo wa ndugu yake, akamtawaza mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu. Yeye alibaki Mazinde, kwa kuwa mali ilipita huko, si Vuga.

Wabondei waliasi, na Wasambaa wengi waliuzwa utumwani na watawala wao wenyewe. Nchi iliyogawanyika hivyo ndiyo waliyoikuta Wajerumani, nao wakajenga kituo Mazinde. Mwaka 1895, muda mfupi baada ya Semboja kufariki, walimnyonga mwanawe Mputa, wakamweka Kinyashi wa upande wa Shekulwavu.